Barua ya wazi kwa Kaunti ya Nairobi: tufungulieni kumbi saa kumi na moja jioni

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi,
Kwa bodi inayotoa leseni za vileo,
Kwa maafisa wanaoshika funguo za kumbi za kijamii za Eastlands,

Waheshimiwa,

Nilizaliwa Jericho na bado naishi Jericho, katika nyumba ya kaunti ambayo marehemu baba aliipanga akiwa karani, nami nimeendelea kuilipia kodi. Nina miaka 47. Mimi ni mlevi. Tone halijapita mdomoni mwangu tangu Machi 2019, lakini neno hilo sijalivua, na wenzangu hawashtuki nikilitamka. Jina langu sitalitia hapa. Vikundi vyetu hukutana kwa ahadi kwamba anayeonekana ndani hatajwi nje, na nikijitaja mimi, jirani atakumbuka ni nani huwa natembea naye Jumanne jioni.

Nawaandikia juu ya shida ya mtu wa Eastlands anayetafuta mkutano wa watu wanaoacha pombe. Mimi niliutafuta kwa miezi saba. Hata leo nikifumba macho naweza kukuelekeza kwenye maduka manane ya pombe kati ya mlango wangu na stendi ya Jogoo Road, na kila moja lina kibao, lina taa, na saa zake zinajulikana hata na watoto. Katika miezi hiyo yote sikuona ukuta mmoja, wala wa zahanati, wala wa ofisi ya chifu, wala wa ukumbi, uliobandikwa karatasi inayosema: wanaotaka kuacha pombe hukutana hapa, siku hii, saa hii.

Nitawaeleza safari yenyewe, kwa sababu nadhani aliyekaa ofisini anaweza kudhani kwamba mlevi hasaidiki kwa kuwa hataki.

Nilianzia kituo cha afya. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka asubuhi mpaka nikishindwa kufunga vifungo vya sare ya mwanangu, na nilikuwa nimejifunza dawa ambayo kila mnywaji wa mtaa huu anaijua, kutoa lock, yaani kunywa kidogo ili mwili utulie. Nilimwambia muuguzi ukweli. Alikuwa mtu mwema, amechoka, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Akaniambia, "Mama, wewe shika kanisa." Nikashika kanisa. Niliombewa, nikatoa ushuhuda mbele ya watu, na wiki tatu baadaye nilikuwa nimerudia chupa, safari hii nikiwa na aibu ya ushuhuda juu yake. Sisemi maombi hayana kazi. Mimi ni mtu wa kanisa mpaka leo na Jumapili mtanikuta. Nilihitaji pia mtu aliyewahi kuficha robo ya pombe ndani ya gunia la makaa, anieleze aliamkaje siku iliyofuata na akafanya nini saa nne asubuhi kiu ilipomjia.

Halafu binamu yangu akanipatia anwani ya mkutano ulio upande wa pili wa jiji, kule magharibi. Nilipanda matatu hadi tao, nikashuka, nikavuka mji kwa miguu hadi stendi nyingine, nikapanda ya pili. Walinipokea vizuri na sitawasahau. Walizungumza Kiingereza, na mimi Kiingereza cha dukani ninacho, lakini aibu yangu ilinipata kwa Kiswahili na sikujua kuitoa kwa lugha nyingine. Tulikuwa tukimaliza saa mbili usiku. Nilienda mara nne. Mara ya tano mvua ikanyesha, na ninyi mnajua nauli ya Nairobi inavyofanya mvua ikinyesha. Nilisimama tao nikihesabu sarafu, na kati ya stendi moja na nyingine kuna milango mingi iliyo wazi, yenye joto na muziki. Sikufika.

Baadaye nikasikia kuna kikundi huku huku kwetu, katika chumba kilicho nyuma ya jengo moja la ibada. Nilioga, nikavaa, nikaenda Alhamisi. Mlango ulikuwa na kufuli. Askari wa langoni akaniambia, "Hao walihama." Walihamia wapi? Hakujua, wala hakuna aliyeacha ujumbe. Nilisimama pale kama dakika kumi, nikiwa na maneno niliyokuwa nimeyapanga kichwani wiki nzima. Usiku ule nilikunywa mpaka nikazima. Aliyenikuta ni mwanangu, wakati huo ana miaka tisa.

Niliyekuja kumshukuru ni mama mboga wangu. Alikuwa ameniuzia nyanya miaka mingi bila kunigusia neno. Siku moja akaitazama mikono yangu ikihangaika na sarafu, akasubiri mteja mwingine aondoke, akasema kwa sauti ya chini, "Jumanne jioni nitakupeleka mahali. Usiulize." Mume wake alikuwa amepitia hapo. Ndivyo nilivyoupata mkutano. Basi nawauliza, je, yule ambaye mama mboga wake hana mume aliyepitia hapo?

Ndani ya chumba kile nilikuta viti vya plastiki na thermos ya chai ya rangi. Waliokuwamo sitawaeleza, hata kazi zao. Nitaeleza kinachofanyika tu, kwa sababu wengi hudhani ni mahubiri au ni darasa. Mtu mmoja anasema jina lake la kwanza, anasema yeye ni mlevi, anasimulia alikuwaje, kilitokea nini na sasa yukoje. Hakatizwi wala hashauriwi. Akimaliza, mwingine anasema. Hakuna kiingilio na hakuna fomu. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. Ukitaka, mmoja aliyetangulia anakuwa sponsa wako, yaani mtu anayepokea simu yako saa sita usiku na kukaa nawe kwenye laini mpaka kiu ipite. Kiu hupita. Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilidhani ukikaidi inaendelea kupanda mpaka ikuue, kumbe inapanda, inasimama, inashuka.

Mpango huu, Alcoholics Anonymous, ulianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, na jinsi ulivyoanza ndiyo sababu kubwa ya barua hii. Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa aliyekuwa na miezi michache tu tangu aache pombe, alikwenda Akron kwa biashara, na biashara ikavunjika. Alijikuta amesimama katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, peke yake, hana pesa ya maana, na upande mmoja anasikia kelele za baa. Upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Aliitazama ile orodha, akapiga simu, akaomba aonyeshwe mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Kutoka mtu hadi mtu akafikishwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa imeshammaliza. Walizungumza kwa saa nyingi. Daktari huyo aliteleza mara moja tu baada ya hapo, na tarehe 10 Juni 1935, siku aliyokunywa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa vikundi vyote vilivyopo duniani leo. Bill Wilson asingeikuta orodha ile mahali wazi, sijui angeingia mlango upi. Mimi nilisimama tao kwenye mvua na sikuwa na orodha.

Wapo watakaouliza kama mambo haya ya viti na chai yanafanya kazi kweli. Mwaka 2020 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti za tiba na kuzipima kwa ukali, lilichapisha mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Likakuta kwamba katika kuwafanya watu waache pombe kabisa na waendelee kukaa bila kunywa, vikundi hivi na ushauri unaowaelekeza watu huko havizidiwi na tiba nyingine zinazojulikana, na mara nyingi vinazizidi. Na ni tiba isiyolipishwa. Haimfai kila mtu. Ninao marafiki walioacha kwa njia nyingine, na nimezika wengine waliokaa nasi wakaondoka.

Lazima pia niseme hili, kwa sababu limeua watu mitaani kwetu kimyakimya: aliyezoea kunywa kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili unaweza kupata degedege, unaweza kuona vitu visivyokuwepo, na mtu anaweza kufa. Familia ikiona anatetemeka na kuweweseka husema amerogwa, wanamfungia chumbani wakimwombea. Huyo apelekwe hospitali kwanza. Mkutano wetu si hospitali. Huja baada ya hospitali, na hukaa na mtu miaka yote ambayo hospitali haitakaa naye.

Utafiti wa nchi nzima wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulisema kwamba katika Wakenya wenye miaka 15 hadi 65, watu 1,357,098 wameshikwa na uraibu wa pombe, yaani karibu mmoja kati ya kila 20. Panda matatu yoyote ya Jogoo Road asubuhi, hesabu vichwa, gawanya. Sisemi kila mtaa una kiwango hicho hicho. Nasema tu kwamba katika gari lile yumo mtu, pengine wawili, anayetaka kushuka.

Sasa naja kwenu, na kwa nini nimewaandikia ninyi badala ya kuwaandikia wachungaji na maimamu, ambao tayari wanafanya mengi.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, imeikabidhi kaunti utoaji wa leseni za vileo. Fungu hilo hilo linawapa pia maktaba, michezo, bustani na mahali pa watu kupumzikia. Juu kidogo limewapa huduma za afya za kaunti, na chini kidogo udhibiti wa dawa za kulevya. Kwa hiyo anayempa mwenye baa ruhusa ya kufungua, anayeshika ufunguo wa ukumbi, na anayemlipa yule muuguzi aliyechoka, ni serikali moja. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile watu waliyoiita sheria ya Mututho, iliunda pia mfuko na kutaja miongoni mwa kazi zake kuendeleza mipango ya kuacha pombe na kuwarekebisha walioathirika. Nairobi nayo ikatunga sheria yake mwaka 2014. Sikuja kuwafundisha sheria mnazozijua. Nakumbusha kwamba ninachoomba kinaingia ndani ya kazi yenu bila kutunga neno jipya.

Na jiji hili lina historia ya pekee na pombe, ambayo wazee wa Majengo waliizungumza sana nikiwa mtoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ya kikoloni ilijitwalia peke yake haki ya kupika na kuuza pombe ya kienyeji kwa Waafrika, ikafungua klabu yake kule Pumwani. Wanawake waliokuwa wakipika majumbani mwao ili walipe kodi na kulisha watoto waligeuka wahalifu, wakakamatwa. Faida ya klabu iliingia kwenye mfuko wa huduma za Waafrika. Yaani Mwafrika alihudumiwa kwa pesa ya kulewa kwake. Bibi yangu alikuwa akisema serikali ilikuwa inamnunulia mtu blanketi kwa shilingi aliyoipokonya mkononi mwake jioni iliyotangulia. Miaka mia moja imepita, leseni bado ni mapato ya jiji, na sioni ubaya wa jiji kutoza leseni. Naona ubaya ikiwa pesa hiyo haimrudii kamwe aliyeitoa, hata kwa saa moja ya chumba.

Kumbi zenyewe zipo. Upo wa Kaloleni, uliopewa jina la utani la Bunge kwa sababu ya siasa zilizochemka humo. Tarehe 23 Aprili 1950 Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama pale Kaloleni mbele ya mkutano wa pamoja wa Kenya African Union na East African Indian National Congress akadai uhuru kamili kwa nchi zetu, na wiki chache baadaye akakamatwa, akazuiliwa zaidi ya miaka 11. Upo wa Pumwani, upo wa Bahati, upo wetu wa Jericho karibu na soko. Nimehudhuria humo harusi, matanga, mikutano ya vyama vya akina mama, mashindano ya ndondi. Watu wa Eastlands wamezoea kwenda ukumbini wanapokuwa na jambo, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa kukuona ukiingia. Hilo kwa mlevi mwenye aibu ni jambo kubwa. Akiingia ukumbini, jirani atadhani ni chama.

Pombe inapoua kwa wingi, serikali huja. Nilikuwa na miaka 22 ile Novemba ya mwaka 2000, wakati kumikumi, glasi ya shilingi kumi, ilipowaua zaidi ya watu 100 Mukuru na mitaa ya jirani, na wengine wakapofuka. Ilikuwa imetiwa methanoli, spiriti ya viwandani, ambayo ikifika mwilini hugeuka asidi inayochoma mishipa ya macho. Mei 2014 ikaua tena makumi ya watu katika kaunti kadhaa. Julai 2015 Rais wa wakati huo akaamuru msako wa pombe za bei ya chini, mapipa yakamwagwa na kamera zikaja. Februari 2024 wanakijiji wa Kirinyaga wakafa tena. Misako ile siilaumu, ile sumu ilipaswa kumwagwa. Lakini nilikuwa mnywaji wakati wa msako mmojawapo, na nawaambia kilichotokea kwangu. Duka nililokuwa nikinunulia lilifungwa siku nne. Kwa siku nne nilitembea mbali zaidi na kulipa zaidi. Hakuna aliyekuja mlangoni akasema, kwa kuwa leo hakuna pa kunywa, njoo ukae hapa nasi.

Ninachoomba sasa ni hiki. Katika kila ukumbi wa kijamii wa Eastlands, kuanzia Pumwani na Kaloleni hadi Kayole na Dandora, vikundi vya wanaoacha pombe vitengewe muda wa saa moja, katika siku zisizobadilika, na saa hiyo iwe saa kumi na moja jioni. Saa hiyo siichagui ovyo. Ndiyo saa ambayo sheria ya 2010 inaruhusu baa kufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, na hata kama huku kwetu milango mingi hufunguliwa asubuhi na kila mtu anajua, saa kumi na moja bado ndiyo saa ya hatari. Fundi ameweka vyombo chini, kibarua amelipwa ya siku, mwenye ofisi yuko stendi. Mkutano wa saa tatu asubuhi unamfaa asiye na kazi, na ule wa saa mbili usiku unamkuta mtu ameshakunywa.

Mlangoni pabandikwe karatasi yenye siku na saa, kwa Kiswahili, na ikiwa kikundi kitahama karatasi ile iseme kimehamia wapi. Nakala yake ipelekwe zahanati, iwekwe mahali ambapo yule muuguzi anaweza kuinyooshea kidole bila kusimama. NACADA wana namba ya bure, 1192, na wengi wameipiga wakapata ushauri. Anayepokea simu awe na orodha hiyo mbele yake kwa jina la mtaa, ili mtu wa Dandora aambiwe mkutano wa Dandora.

Pesa msitupe, hata mkitaka. Kikundi cha namna hii hujilipia chenyewe kwa kofia inayozungushwa, kila mtu akitoa alichonacho, kwa sababu tulijifunza kwamba mwenye pesa huja na masharti. Tutalipa kodi ndogo ya ukumbi na tutafagia. Pesa ya leseni ipelekeni kwa washauri wa zahanati, na kwa vitanda vya wanaotetemeka, ili mtu asilazimike kufikiria Mathari kwanza, hospitali nzuri ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa mwaka 1910, ambayo jina lake hutumika mitaani kama tusi.

Nina ombi jingine, na hili nalisema kwa heshima kwa sababu najua jinsi mambo yanavyozinduliwa hapa kwetu. Msiuzindue mpango huu. Msilete hema, wala fulana zenye picha ya kiongozi, wala kamera. Mtunza ukumbi asiandike majina kwenye kitabu. Siku mtakayompiga picha mlevi mmoja akiingia, waliobaki wote hawatakuja, na baadhi yao watakufa. Mtu akiniuliza huduma gani ya serikali hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa haionekani, nitamjibu ni hii.

Kisha wakumbukeni wanawake. Mwanamume akilewa mtaani kwetu huitwa mlevi. Mwanamke akilewa huitwa jina jingine ambalo siwezi kuliandika kwenye barua kwa Gavana. Ndiyo maana mimi sikuwahi kukaa baa ya mtaani kwetu hata siku moja katika miaka 11 ya kunywa. Nilinywea nyumbani, kwenye kikombe cha chai, pazia likiwa limefungwa, na aliyetumwa dukani na mfuko wa kaki ni mwanangu. Alijua bei ya robo kabla ya kujua hesabu za kugawanya. Mwanamke kama huyo hatatoka nyumbani usiku kwenda chumba kilichojaa wanaume, akimwacha mtoto peke yake. Angalau mkutano mmoja kwa wiki, Jumamosi mchana, uwe wa wanawake, na watoto waruhusiwe kucheza uani. Na familia wapewe saa yao pia. Tangu mwaka 1951 wake, waume na wazazi wa walevi wamekuwa na vikundi vyao vinavyoitwa Al-Anon, na nadhani mwanangu na mama yangu walivihitaji kuliko mimi nilivyohitaji changu.

Kwa ndugu zetu Waislamu wa Majengo na Eastleigh hali ni ngumu zaidi, kwa sababu anayekunywa hapo anaficha mara mbili, kwa watu na kwa dini yake, na chumba kilicho nyuma ya kanisa hawezi kukiingia hata akitaka kufa. Ukumbi wa kaunti si wa dini yoyote. Katika hatua zetu 12 Mungu anatajwa, lakini kila mtu anamwendea jinsi anavyomjua yeye, na nimekaa na watu tuliomaliza mkutano nao wakaondoka kuwahi sala ya Magharibi.

Yule mwanangu sasa ana miaka 16. Mwaka jana aliniomba aje asikilize siku moja. Mikutano mingine huwa wazi kwa wageni, kwa hiyo nilimruhusu, akakaa nyuma karibu na thermos. Tulipokuwa tunarudi aliniuliza swali moja tu: kwa nini hapakuwa na kibao nje, angeniongoza yeye mwenyewe zamani. Sikuwa na jibu la kumpa. Ndipo nilipoanza kuiandika barua hii.

Kibali cha kukutana ukumbini bado hatuna. Hata hivyo Jumanne ijayo, saa kumi na moja jioni, nitakuwa nimesimama nje ya ukumbi wa Jericho na wenzangu watatu, tukiwa na chai, vikombe na karatasi tuliyoiandika kwa mkono. Atakayekuwa na ufunguo siku hiyo, tafadhali atufungulie.

Wenu,
Mkazi wa Jericho